Uzi: Projekta moja, watoto 82, na swali la betri lililoninyima usingizi

Mwalimu wa Kata (mwenye uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Wiki iliyopita kuna mtu aliandika humu kwamba walimu wa shule za kata hatuitaki teknolojia kwa sababu tumelewa chaki. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu litakuwa refu kuliko mada yenyewe. Kwa hiyo nimefungua uzi. Atakayechoka apite tu, hakuna mtihani mwishoni.

Nafundisha fizikia Kidato cha Pili na cha Tatu, Kanda ya Ziwa. Mkondo B wa Kidato cha Pili una watoto 82 kwenye chumba ambacho aliyekijenga aliwaza 40. Umeme wa REA (mradi wa umeme vijijini) tunao, ila unaingia na kutoka kama mpangaji anayedaiwa kodi. Maabara ipo, yaani jengo lipo. Ndani kuna amita (vipima mkondo wa umeme) tatu, moja sindano yake imeganda kwenye 2 hata ukiigeuza juu chini, na glopu za tochi nilizonunua mwenyewe mnadani.

Projekta tuliletewa na waliosoma hapa zamani. Walichangishana kwenye kundi lao la WhatsApp, wakaja na keki, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Baada ya hapo ikaingia kabati la ofisi na kukaa miezi minne ndani ya boksi lake. Msiharakishe kumlaumu mkuu wa shule. Kifaa kikishaandikwa kwenye leja kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye atakayeulizwa kikipotea au kikiungua. Chaki ikivunjika hakuna anayeandikiwa barua.

Nikaiomba. Nikasaini kuichukua, nikasaini kuirudisha, kila kipindi, kama mtu anayechukua bunduki. Muhula wa kwanza nikaitumia vibaya kabisa, na hapo ndipo nataka kuanzia.

Nilichofanya ni kuchapa notisi zangu na kuzirusha ukutani. Basi. Watoto wakawa wananakili kutoka ukutani badala ya ubaoni. Upande wa madirisha hawakuona kitu kwa sababu ya jua, wakawa wananakili kutoka kwa wenzao. Mwezi wa pili nikahamia kwenye video. Hapo darasa lilijaa mpaka watoro wakarudi! Kimya, macho yote mbele, mwalimu wa zamu akapita dirishani akanionesha dole. Nikasema sasa nimeipata. Nikawapa jaribio lilelile la mwaka wa nyuma.

Matokeo yakawa yaleyale. Nilisahihisha nimekaa chini ya mwembe wa nyumba za walimu, nikafika karatasi ya hamsini na kitu nikaacha, nikaenda kuchota maji.

Naendelea baada ya kula.

Nyanda wa Ziwani

Nakaa siti ya mbele kabisa. Mwalimu usituache njiani kama wale wa hadithi za majini.

Msema Hovyo

Nilijua tu. Projekta ni sinema. Mngenunua madawati.

Mzazi Mchungu

Mimi niulize mapema kabla hamjanogewa. Hizi teknolojia ndizo zinazowafundisha watoto kubeti. Wangu yuko Kidato cha Tatu, simu nimempa likizo asome, nimekuta ana mikeka mitano. Mwalimu unasemaje?

Mwalimu wa Kata

Mzazi Mchungu, pole sana. Kwenye uzi huu hakuna mwanafunzi aliyeshika simu shuleni, utaratibu hauruhusu na mimi sijaugusa. Kifaa ni kimoja, kiko mbele, nakishika mimi. Kuhusu mikeka ya kijana wako tuzungumze inboksi, nina wangu pia.

Naendelea.

Baada ya ule mwembe nilikaa nikajiuliza wanaangalia nini wakati wanaangalia. Mada ilikuwa umeme wa mkondo, glopu kwenye mfululizo na glopu sambamba. Kuna programu za bure za majaribio zinaitwa PhET. Zilianzishwa mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ukishazipakua zinafanya kazi bila intaneti. Nilizipakua mjini siku ya mshahara kwa bando la usiku, nikazirudisha kijijini kwenye flashi.

Ile ya umeme inakupa betri, nyaya, glopu na amita, unaburuta na kuunganisha. Nyaya zinaonesha vidoa vya buluu vinavyotembea, ndiyo elektroni. Ukiunganisha betri kwa waya mtupu bila glopu, betri inawaka moto kwenye skrini. Hapo darasa zima linapiga kelele, na ukiwaruhusu watataka uichome kipindi kizima.

Siku hiyo niliweka betri ya volti 9 na glopu mbili za omu 10 zikifuatana, amita moja kabla ya glopu ya kwanza, nyingine baada ya glopu ya pili. Swichi nikaiacha wazi. Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nikasema, kabla sijafunga swichi, kila mtu aandike kwenye daftari: amita ipi itasoma zaidi? A ya kwanza, B ya pili, C zitakuwa sawa. Andika kwa kalamu ya wino, usifute.

Nikaomba mikono. Hawa ni watoto niliokuwa nimeshawafundisha mada hii kwa wiki mbili, wakasoma na notisi. Mikono ya A ilikuwa msitu. C walikuwa kumi na moja, nikawahesabu.

Nikawaambia geukeni, kila mtu amshawishi jirani yake, dakika tatu, lugha yoyote. Wakuu, hamjawahi kusikia kelele ya namna ile. Mmoja anasema glopu ya kwanza lazima ile umeme, isipokula itawakaje? Mwingine anamwambia ikila, ya pili itawaka kidogo, na jana kwenye tochi tuliona zinawaka sawa. Kiswahili, Kisukuma, mate yanaruka. Ndipo nikafunga swichi.

0.45 na 0.45.

Kimya kidogo, halafu kelele. Kijana mmoja akaniambia kwa adabu zote kwamba mashine imekosea.

Bi Hesabu

Mwalimu hapo umenigusa. Mimi ni hisabati, shule ya wasichana, Kusini. Natumia programu ya GeoGebra kwa grafu za mstari. Kuna kitufe unaburuta mteremko unabadilika, mstari unainuka na kulala. Mwanzo nilikuwa naburuta mimi, wao wanasema "waaaa". Sasa nawaambia m (ule mteremko) imekuwa hasi, simameni muoneshe mstari kwa mikono yenu. Nusu wanainua mkono wa kushoto nusu wa kulia, wanagongana, wanacheka, halafu ndiyo naburuta. Sikujua kama kuna mtu mwingine anafanya hivi, nilidhani ni utani wangu tu wa saa nane mchana wakati wanasinzia.

Mwalimu wa Kata

Bi Hesabu, na mimi nilidhani nimegundua dunia. Baadaye nikakuta kuna mwalimu wa Harvard, Eric Mazur, ambaye tangu 1991 anasimamisha somo, anauliza swali, wanafunzi wanachagua jibu, wanabishana, wanachagua tena. Mwaka 2004 yeye na wenzake wakachapisha utafiti kuhusu yale majaribio ya kuonesha mbele ya darasa. Waliotazama tu hawakuelewa zaidi kwa kiasi cha maana kuliko wale ambao hawakuoneshwa jaribio lolote. Waliotakiwa kubashiri kwanza ndio walioelewa zaidi.

Niliposoma hiyo nikaukumbuka ule mwembe wangu.

Msema Hovyo

Sasa mbona hilo swali ungeweza kuliuliza na chaki tu? Projekta ya nini?

Mwalimu wa Kata

Swali zuri, na sijui kwa nini unajiita hovyo.

Swali ningeuliza kwa chaki. Jibu ndilo lisingetoka kwa chaki. Nikichora ubaoni na kuandika 0.45 pembeni, mtoto anajua nimeandika mimi, na mimi ni mwalimu, basi ananakili na moyoni anabaki na glopu yake inayokula umeme. Amita zangu halisi ni mbili zima, na hata hizo watoto 82 hawazioni kutoka nyuma. Skrini ilimpa kila mtu kitu cha kubishana nacho ambacho si mimi. Yule kijana alisema mashine imekosea. Hajawahi kuniambia mimi nimekosea, na nimekosea mara nyingi tu mbele yake.

Mkale wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Sisi hapa tulianza kwa vishindo. Ahadi ya laputopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013, ikageuka kuwa tableti, na 2016 zikaanza kufika. Zaidi ya milioni moja ziligawiwa shule za msingi za umma nchini, pamoja na projekta, ruta na mtambo wa kuhifadhia masomo. Sitasema zilipotelea wapi kwa sababu shule na shule. Kwetu zimo chumbani nyuma ya milango miwili ya vyuma. Tunazitoa wageni wakija. Watoto wanazijua kama vile watu wanavyojua sufuria za harusi.

Mwalimu aliyepewa mafunzo alihamishwa muhula uliofuata. Ufunguo alimwachia bawabu.

Nyanda wa Ziwani

"Sufuria za harusi" 😂😂 Mkale umeniua.

Na sisi vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilivyogawiwa kwa walimu, mbona hatuvisemi? Kwangu mtoto wa dada anaangalia katuni.

Mwalimu wa Kata

Changu kinafanya kazi, sitasema uongo. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu ina vitabu vya kiada bure, nimevishusha vyote vya somo langu. Tuna kitabu kimoja kwa watoto wanne au watano, kwa hiyo ukurasa wenye mchoro ninauonesha ukutani. Hata vikao vyetu vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) siku hizi tunafungua moduli humohumo. Ila kishikwambi ni cha mwalimu, na mwalimu naye ana watoto nyumbani, kwa hiyo katuni hazikwepeki.

Kipusa wa Pangani

Mimi niko Tanga. Mnakumbuka lile shindano la XPRIZE la kujifunza kusoma kwa tableti? Lilifanyiwa majaribio mkoani kwetu, vijiji karibu 170, watoto wasiosoma shule au waliosoma kidogo. Waandaaji walisema zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni. Hakuna mwalimu. Mtoto na tableti, kituo cha kuchajia kwa sola, mtu mzima mmoja wa kijiji wa kuangalia vifaa. Baada ya miezi 15 ile idadi ya wasioweza neno hata moja ilipungua kwa nusu. Washindi walitangazwa Mei 2019, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10.

Kwa hiyo Msema Hovyo, usiseme sinema. Watoto walijifunza kusoma bila mtu.

Msema Hovyo

Kipusa, wewe umeona nusu waliojifunza. Mimi naona nusu ambayo baada ya miezi 15 na tableti mkononi bado haisomi neno.

Kipusa wa Pangani

Na kabla ya hapo ilikuwa karibu wote. Wewe ukipewa nusu gunia la mchele unalia gunia?

Msema Hovyo

Nalia mwalimu. Hizo dola milioni 10 zingeajiri walimu wangapi?

Mpemba Asilia

Nyinyi mnabishana vifaa vya juzi. Sisi Zanzibar kuanzia 2006 tulikuwa na masomo ya redio kwa watoto wadogo. Redio tu, ya kuzungusha kwa mkono au ya sola. Vikundi vilikaa hata chini ya mti, mtu mzima wa hapohapo anasimamia. Redio inasema "imbeni", wanaimba. Redio inauliza "vingapi?", halafu inanyamaza. Ule unyamavu ndio ulikuwa umetungwa. Watoto wanapiga kelele "vitano!", redio inaendelea. Mdogo wangu alikuwa humo, alikuwa anaijibu redio hata ya taarifa ya habari.

Mwalimu wa Kata

Mpemba, huo unyamavu nimeuandika kwenye andalio langu la somo la kesho, siongopi. Kitufe ninachokitumia kuliko vyote siku hizi ni cha kusimamisha. Video ya dakika sita inanichukua dakika thelathini.

Kipusa na Msema Hovyo, wote mna hoja, lakini tusisahau kwamba kule Tanga watoto wengi hawakuwa na shule ya kwenda. Hapo swali la mwalimu au tableti halikuwepo. Kwangu mwalimu yupo, ndiye mimi, na kifaa kinakuja kumkuta. Peru waligawa laputopu za watoto kwa wingi. Utafiti wa 2012 kwenye shule 319 za vijijini haukukuta maendeleo kwenye hisabati wala lugha. Watoto walijua kutumia laputopu, na hicho ndicho walichokuwa wanafanya.

Fundi Redio

Mkuu acha falsafa, tupe ufundi. Umeme ukikatika? Mwanga je? Projekta yenyewe inavuta wati ngapi?

Mwalimu wa Kata

Fundi, nilijua utakuja.

Mwanga: madirisha ya upande wa jua tunayaziba kwa maturubai meusi, yamefungwa kwa misumari na kamba ya katani. Joto lake ni tanuri. Kwa hiyo kipindi cha projekta nimekibadilishana na mwenzangu wa Kiswahili, kimekuwa cha kwanza asubuhi. Skrini ni shuka jeupe la bweni lililonyooshwa kwa mawe mawili chini.

Umeme: betri ya gari ya amp 75 na invata ya wati 500. Projekta inavuta kama 250, kompyuta mpakato ina chaji yake. Betri tunaichaji usiku REA ikiwepo, na sola ndogo ya ofisi inasaidia. Kipindi cha dakika 80 inamaliza bila wasiwasi, ukiongeza cha pili invata inaanza kulia.

LUKU (umeme wa kulipia kabla): kila muhula kuna kelele. Sitaki kulizungumza.

Sauti: situmii. Naongea mimi.

Fundi Redio

Betri ya gari usiimalize mpaka chini, inakufa mapema. Tafuta ya sola. Na hiyo invata ikilia izime, usisubiri somo liishe.

Bi Hesabu

Mwalimu, kuhesabu mikono ya watu 82 unawezaje? Mimi natumia kadi za Plickers. Kila mwanafunzi ana kadi moja ya karatasi yenye alama kama msimbo wa mraba, kadi ni moja lakini ina pande nne. Akitaka A anainua na upande wa A juu, akitaka C anaizungusha. Mwalimu unapitisha kamera ya simu yako juu ya darasa, inasoma kadi zote na kukuonesha nani kachagua nini. Wao wenyewe hawawezi kusoma kadi ya jirani kwa urahisi, kwa hiyo hakuna kufuata mkumbo. Seti kubwa ina kadi 63.

Mwalimu wa Kata

Hii ya kadi sikuijua! 63 kwa 82 haitoshi, ila wakikaa wawili wawili kadi moja ni 41, na watabishana kabla ya kuinua. Nachapa kesho kwenye manila. Asante sana, dada.

Mzazi Mchungu

Mimi nimekuja na hasira nimekaa kusoma mpaka huku. Swali: yale mabishano umesema "lugha yoyote". Mtihani ni Kiingereza. Si unawaharibia?

Mwalimu wa Kata

Hapo umegusa kidonda, Mzazi.

Nikiwalazimisha wabishane kwa Kiingereza, wanaobishana ni wanne. Wengine 78 wanakuwa kama wameenda msibani. Kwa hiyo ubishi ni Kiswahili, halafu dakika tano za mwisho wanaandika kwa Kiingereza sentensi tatu: nilidhani nini, nimeona nini, kwa nini. Sentensi za mwanzo zilikuwa za kusikitisha. "I think first bulb eat current." Lakini angalau ndani yake kuna mtu anayefikiri. Zamani nilikuwa napata fasili safi ya kitabu kutoka kwa mtoto ambaye hajui glopu inashikwa wapi. Baadhi ya programu za PhET zina tafsiri ya Kiswahili. Mimi naanza na ya Kiswahili, narudia na ya Kiingereza.

Sasa nifike kwenye lile swali la betri, maana ndilo lililonifanya niandike uzi.

Wiki moja baada ya zile 0.45, tumeshakubaliana wote kwamba mkondo hauliwi, unaoingia ndio unaotoka. Nimeridhika. Nafuta ubao. Binti mmoja wa dawati la nyuma kabisa, anakaa karibu na mlango, hajawahi kuuliza kitu tangu Januari, akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, kama vile vidoa vyote vinarudi kwenye betri, kwa nini betri inaisha?"

Wakuu. Nina shahada. Nimefundisha mada hii miaka tisa. Nilisimama na dasta mkononi.

Jibu nalijua, ni nishati. Lakini nilijua pia kwamba nikisema "nishati" nitakuwa nimembandikia neno juu ya shimo. Nikamwambia ukweli: swali lako ni zuri kuliko somo langu, nipe mpaka kesho. Darasa likamcheka kidogo halafu likaacha. Usiku nikajaribu kuandika maelezo, yote yalikuwa ya kitabu. Saa saba usiku nimelala macho, nasikia baiskeli za mkaa zinapita barabarani kwenda mjini. Wanapita usiku kukwepa kizuizi, kila mtu na magunia matatu nyuma.

Asubuhi nikawauliza: baiskeli za mkaa zinatoka msituni zikiwa ngapi? Wakasema juzi zilipita kumi na mbili. Zinarudi ngapi? Kumi na mbili. Zote? Zote mwalimu, tupu. Mkaa uko wapi? Mjini, umechomwa. Nikanyamaza, kama redio ya Mpemba. Binti yuleyule akajibu bila kunyoosha mkono: "Kwa hiyo kinachoisha ni msitu."

Nyanda wa Ziwani

Nimesisimka mkono mzima.

Mkale wa Nakuru

Hii naiba. Naipeleka darasani Jumatatu, na hizo tableti nazitoa, hata kumi tu.

Msema Hovyo

Baiskeli za mkaa hazina chaja.

Lakini sawa, mwalimu. Sawa.

Fundi Redio

Kwa wasiotaka projekta: kuna Kolibri ya Learning Equality. Ni programu ya bure, unaiweka kwenye kompyuta yoyote hata ile ndogo ya Raspberry Pi inayotosha kiganjani. Masomo unashusha mara moja mahali penye intaneti, halafu shuleni kompyuta hiyo au ruta inatoa waifai isiyohitaji bando. Vifaa vilivyo karibu vinaingia na kusoma. Nimefunga sehemu tatu. Kikwazo huwa si mtambo, ni kwamba ukiondoka hakuna anayejua nywila. Iandikeni ukutani.

Kipusa wa Pangani

Mwalimu, na mtihani je? Walipandaje?

Mwalimu wa Kata

Jaribio la mwembe nililirudia. Swali la mkondo kwenye mfululizo wamepata wengi, sitatia chumvi. Maswali ya kukokotoa yamebaki palepale, kwa sababu tatizo la kukokotoa ni kugawanya desimali, na hilo nimemwachia mwenzangu wa hisabati ambaye hatusalimiani vizuri tangu nilipochukua kipindi chake cha asubuhi kimakosa. Pia nimetumia wiki tano kwa mada ya wiki tatu. Mdhibiti ubora akija na azimio la kazi mkononi sina pa kujificha. Atakayejaribu ajue hilo, silabasi haikusubiri ubishane.

Bi Hesabu

Mimi naruka mada mbili kila mwaka na sijawahi kumwambia mtu. Sasa nimeandika hapa.

Mzazi Mchungu

Mwalimu, hiyo shule inapokea uhamisho?

*(wiki tatu baadaye)*

Nyanda wa Ziwani

Mwalimu mrejesho basi. Kadi za Plickers vipi?

Mwalimu wa Kata

Samahani wakuu, tulikuwa na mitihani ya mwezi.

Kadi zimefanya kazi siku mbili. Siku ya tatu mtandao wa simu ukayumba, nikarudi kwenye mikono. Wamejifunza kufumba macho wakati wa kuinua ili wasiigane, wamelibuni wenyewe. Kuna wanaochungulia.

Binti wa betri ameniuliza jingine: simu ikichajiwa, mkaa unarudije msituni? Sijamjibu.

Projekta imezima katikati ya kipindi Alhamisi, ikatoa harufu. Nimeandika barua ya maelezo kurasa mbili. Nikaipeleka kwa fundi mjini kwenye mapaja yangu, ndani ya daladala.

Fundi Redio

Taa au feni?

Mwalimu wa Kata

Feni. Kaifungua mbele yangu, imejaa vumbi la chaki.